Nyimbo za Kupimiwa

Kijana mmoja wa Nyakabiga, hapa Bujumbura, ametuletea swali redioni, na kwa kuwa swali hilohilo nimeulizwa na watu wa kila rika, leo nitalijibu kwa kirefu. Anasema amegundua tovuti ya ng'ambo inayouza nyimbo kwa bei ya kutupa. Albamu nzima ya mwimbaji mkubwa wa Marekani inakaribia bei ya bia mbili baridi za Primus. Wanapokea kadi ya benki, wanatuma risiti, na wana ukurasa mrefu wa maandishi madogo unaodai kwamba wana leseni. "Mzee," anauliza, "nimelipa na risiti ninayo. Wizi uko wapi hapo?"

Mdogo wangu, risiti inaonyesha kwamba umetoa pesa. Haionyeshi kwamba aliyezipokea alikuwa na haki ya kukuuzia. Hilo ndilo jibu fupi, na wenye haraka wanaweza kuishia hapo. Jibu refu linaanzia Moscow.

Miaka ishirini hivi iliyopita palikuwa na tovuti iitwayo AllOfMP3, ikiendeshwa na kampuni ya Mediaservices ya mjini Moscow. Hapa kwetu walioijua walikuwa wachache, kwani wakati huo sisi tulikuwa bado na kaseti na CD za kuchomwa, na mwenye kadi ya Visa Bujumbura alikuwa wa kuhesabika. Lakini Ulaya na Marekani ilipendwa mno. Duka la Apple, iTunes, liliuza wimbo mmoja senti 99 za dola, tena ukiwa umefungwa kufuli usiweze kuuhamishia kwenye chombo unachotaka. Warusi hawakufunga chochote. Ulichagua mwenyewe ubora wa faili, halafu ukalipa kwa megabaiti, senti mbili tatu kwa kila megabaiti. Albamu ilikugharimu dola moja au mbili, ukaondoka nayo.

Naomba tusimame kidogo kwenye hiyo megabaiti, maana ndiyo iliyonifanya nilichukue swali hili. Wale hawakuuza wimbo. Waliuza uzito. Wimbo wa dakika nne wa nyota na wimbo wa dakika nne wa mtu aliyeanza kuimba jana zilipanda mizani moja na kutoka na bei moja, kama ndagala kavu sokoni: muuzaji anashindilia kopo, anamimina, na hakuna anayeuliza ndagala yupi alivuliwa na nani. Kwa samaki ni sawa. Kwa wimbo, ambao una mwenyewe, bei ya namna hiyo inakuambia jambo kuhusu muuzaji kabla hata hujasoma ukurasa wake wa leseni.

Na leseni walikuwa nayo, ndiyo maana kisa hiki kinafundisha. Ilitoka kwenye chama kimoja cha Urusi kiitwacho ROMS, kilichojitwika kazi ya kukusanya mirabaha kwa niaba ya wenye haki wa dunia nzima, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kukituma. Mediaservices ilisema inatenga asilimia 15 ya mapato na kukipa chama hicho, kwa hiyo kampuni za muziki zikitaka pesa zao zije kuchukua. Kampuni zikajibu kwamba hazikumtuma mtu kukusanya chochote. Kwa sheria ya Urusi ya siku zile, hoja ya Warusi haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 2005 waendesha mashtaka wa Moscow walikataa kufungua kesi, wakieleza kwamba sheria yao ilikuwa inazungumzia nakala za kushikika, kama CD, na faili inayosafiri kwenye waya haikuwemo.

Mwaka 2006 mambo yakageuka. Septemba, sheria ya Urusi ikatiwa intaneti ndani. Oktoba, mahakama ya Denmark ikaiamuru kampuni ya intaneti ya Tele2 iwazibie wateja wake njia ya kufika kwenye tovuti hiyo. Visa na Mastercard zikaacha kupitisha malipo. Novemba, Marekani na Urusi zilipokubaliana kuhusu Urusi kuingia Shirika la Biashara Duniani, tovuti hii ya megabaiti za senti mbili ikatajwa kwa jina lake. Fikiria, msikilizaji, mataifa mawili yenye mabomu ya nyuklia yamekaa mezani yanazungumzia MP3. Desemba, kampuni kubwa za muziki zikaishtaki Mediaservices mjini New York, kwa hesabu ya nyimbo milioni 11, kila mmoja dola 150,000. Jumla ni dola trilioni 1.65, zaidi ya pato la Urusi nzima kwa mwaka ule. Hiyo si hesabu ya mtu anayetarajia kulipwa. Ni hesabu ya mtu anayetaka kutisha. Julai 2007 tovuti ikafungwa, na mwezi uliofuata mahakama ya Moscow ikamwachia huru Denis Kvasov, aliyekuwa mkuu wake.

Sasa hapo ndipo watu hupotelea. Wanasema: jamaa alishinda kesi, basi ilikuwa halali. Halali wapi? Jaji wa Moscow aliamua mambo ya Moscow. Mkataba wa Berne, ambao umekuwepo tangu 1886 na ndio unaoshika haki za watunzi karibu dunia nzima, unasema kazi hulindwa kwa sheria ya nchi ambako ulinzi unadaiwa. Leseni ya Urusi, hata ingekuwa safi kama maji ya chemchemi ya Rutovu, ilikuwa inaishia kwenye mpaka wa Urusi. Aliyekaa London akashusha wimbo, alikuwa chini ya sheria ya Uingereza. Na wewe uliyekaa Nyakabiga uko chini ya sheria ya Burundi.

Nayo sheria tunayo. Palikuwa na ya mwaka 1978, kisha ikaja sheria nambari 1/021 ya tarehe 30 Desemba 2005, inayolinda haki ya mtunzi pamoja na haki jirani, yaani haki za mwimbaji, mpiga ala na mtayarishaji. Mwaka 2011 ikaundwa ofisi ya kuisimamia, OBDA, Ofisi ya Burundi ya Haki za Watunzi. Na kuanzia Aprili 2016 Burundi imo ndani ya mkataba wa Berne. Tulichelewa. Congo ilikuwemo tangu 1963, Rwanda 1984, Kenya 1993, Tanzania 1994. Lakini tumo, na maana yake ni kwamba mtunzi wa Nashville au wa Kinshasa anastahili hapa ulinzi uleule anaostahili mtunzi wa Kamenge.

Wako wajuaji watakaoniambia kwamba nchi maskini zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na kanuni za hakimiliki za Shirika la Biashara Duniani. Ni kweli. Ila muda huo ni wa shirika lile. Haututoi kwenye mkataba wa Berne, wala haufuti sheria tuliyoitunga sisi wenyewe hapa nyumbani.

Kuhusu msikilizaji anayeshusha wimbo ausikilize mwenyewe chumbani, nchi hazifanani. Uswisi haimgusi mtu wa namna hiyo, hata kama chanzo cha wimbo ni kibaya. Ufaransa iliweka wazi mwaka 2011 kwamba nakala ya matumizi yako binafsi inaruhusiwa tu ikiwa ulikoitoa ni halali, na mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema jambo hilohilo mwaka 2014. Kokote uendako, anayewindwa kwanza ni anayenakili na kuuza. Kwa hiyo, kijana wangu, sikutishi na jela. Wewe uliuliza kama kuna wizi, na hilo ni swali tofauti na kama kuna polisi.

Najua kuna msikilizaji ambaye tayari amekunja uso. Anasema: hao Wazungu wenyewe wametuibia mangapi, leo mimi nihesabiwe wimbo mmoja? Wala si hoja ya kupuuza. Tena kwa habari ya muziki, Warundi tunayo kesi yenye tarehe na majina.

Mwaka 1967 warekodi wa redio ya Ufaransa, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walirekodi muziki wa nchi hii. Mwaka uliofuata ukatoka kwenye santuri ya lebo ya Ocora, kwa jina Musique du Burundi. Ndani yake mna ngoma zetu za kifalme, zile ambazo ukizisikia hata ukiwa ugenini unajua wewe ni nani. Mwaka 1971 Mfaransa Michel Bernholc, akijiita Mike Steiphenson, akaichukua rekodi ile ya ngoma, akaipakia piano na gitaa juu yake, akaitoa kama wimbo kwa jina Burundi Black. Ukaingia kwenye chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji mkubwa wa Kanada, akaziweka ngoma zilezile chini ya wimbo wake The Jungle Line. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa London, Adam and the Ants na wenzao Bow Wow Wow, wakajijengea jina juu ya mdundo huo, na Burundi Black ikapikwa upya na kutolewa tena mwaka 1981. Magazeti ya muziki ya Uingereza yakawa yanaandika habari za mdundo wa Burundi kama mtindo wa mavazi wa msimu.

Angalia karatasi za Burundi Black uone nani ameandikwa mtunzi. Ni Steiphenson. Hakuna mpiga ngoma hata mmoja. Na hapakuwa na uvamizi wala mtu kuvunja mlango: ngoma zilichukuliwa kuwa mali ya asili, kitu cha kabila na cha milima, si kazi ya mtu fulani mwenye jina na nyumba na watoto. Kisichokuwa na jina la mwenyewe hubebeka kwa urahisi sana.

(Nafungua mabano. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2017 ikatoka amri ya rais inayopanga nani apige, wapi na lini. Wanawake hawamo. Mwandalizi wa onyesho analipa faranga 500,000. Pesa hizo zinakwenda hazina ya serikali. Kwa hiyo nchi hii inajua kabisa kuutoza muziki bei, na mtu asiniambie kwamba jambo hilo haliwezekani kwetu. Kilichobaki ni safari ya pesa kutoka hazina hadi kwenye mkono ulioshika mti wa ngoma. Nafunga mabano.)

Basi tunadai, na tuna haki ya kudai. Ila deni la wapiga ngoma halilipwi kwa kumnyima Khadja Nin. Nimemtaja yeye makusudi. Alizaliwa hapahapa Bujumbura mwaka 1959, akaondoka, akaimba kwa Kiswahili na kwa Kirundi mpaka Ulaya ikamsikia. Albamu yake Sambolera ya mwaka 1996 ilitolewa na BMG. BMG ikaunganisha muziki wake na wa Sony mwaka 2004, na kampuni za kundi hilo zilikuwa miongoni mwa zilizoshtaki kule New York. Ukisikia "makampuni makubwa ya Marekani" unafikiri ni mambo ya watu wa mbali, kumbe ndani ya mabegi yao mna sauti ya dada yetu. Mrundi anayeshusha nyimbo zake kwenye tovuti ya kilo anamfanyia alichofanya Steiphenson kwa wazee wetu, kwa kiwango chake kidogo: anachukua sauti na kuliacha jina mlangoni.

Wala si lazima twende hadi Urusi kuona mizani hiyo ikifanya kazi. Nenda Buyenzi, pembezoni mwa soko la Ruvumera. Utamkuta kijana kwenye kibanda, na mbele yake kompyuta ya zamani, kisoma kadi, na fungu la waya za simu za kila aina. Kwenye kioo kuna mafolda: Bongo Fleva, Ndombolo, Zouk, Rap ya Kirundi, Kwaya, Taarabu, Qaswida. Unampa kadi yako ya gigabaiti nane. Hakuulizi unataka wimbo gani. Anakuuliza, "Nijaze nini?" Unamwambia changanya. Anakamata folda nzima, anaiburuta, mstari wa kijani unatambaa, na kabla chai yako haijapoa nyimbo mia kadhaa zimehama. Bei inafuata ukubwa wa kadi.

Ukifika nyumbani fungua simu uangalie majina. Moja ni Track 07. Nyingine ni tarakimu tupu. Nyingine simu yenyewe imekata tamaa, imeandika kwamba msanii hajulikani. Na nyingi zina jina la tovuti zilikoshushwa, limebandikwa mbele kabisa, kabla ya jina la mwimbaji, wakati mwingine mahali pa jina la mwimbaji. Hilo huwa linanichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Aliyeiba amesaini kazi. Aliyetunga hayupo.

Simchukii kijana wa Ruvumera. Yule analipwa kwa jasho la kunakili, na tangu kaseti zife hakuna duka lililochukua nafasi ya yale yaliyoziuza. Bibi wa Bwiza anayetaka nyimbo za Canjo Amissi za ujanani mwake ampelekee nani simu? Ninayemkasirikia zaidi ni mwenye tovuti, kwa sababu yeye anavaa suti. Anakupa risiti, anakuandikia leseni, anakutoza pesa ambazo wewe mnunuzi, kwa moyo wako mweupe, unaamini zinafika kwa mwimbaji. Kijana wa Ruvumera hajawahi kumdanganya mtu kwamba senti moja inafika kwa mwimbaji yeyote.

Basi utajuaje tovuti njema na tovuti mbaya? Bei ndogo peke yake si ushahidi. Wala ugeni si ushahidi. Tovuti iitwayo Mdundo ni ya Nairobi, na unashusha nyimbo bila kulipa chochote. Hata hivyo ni halali, kwa sababu nyimbo zimewekwa na wasanii wenyewe au wawakilishi wao, pesa zinatoka kwa wanaotangaza biashara, na msanii anapata mgawo. Mwaka 2020 hisa zake ziliingizwa kwenye soko la hisa la Copenhagen, kwa hiyo hesabu zake zinasomwa na watu. Kwa upande mwingine ile mitambo ya kugeuza video ya YouTube iwe MP3, ambayo nayo haina gharama, ni kitu kingine kabisa. Mmoja uliokuwa mkubwa kupita yote, youtube-mp3, uliendeshwa na mtu mmoja kutoka Ujerumani na ulifungwa mwaka 2017 baada ya kushtakiwa. Huko hakuna anayehesabu. Wimbo unavuliwa tu.

Kwa hiyo mimi nauliza swali moja: je, hapa wimbo unahesabiwa kwa jina? Mwimbaji akitaka kujua nyimbo zake zimeshushwa mara ngapi, kuna mahali anaweza kuingia akaona? Ukimuuliza msanii unayempenda kwenye ukurasa wake, "Je, tovuti hii ni yenu?", atakujibu ndiyo? Kenya waliuweka mgawo wenyewe ndani ya sheria. Mwaka 2022 walirekebisha Sheria ya Hakimiliki, ikaamuliwa kwamba wimbo ukiuzwa kama mlio wa kumsubirisha anayepiga simu, msanii asipate chini ya asilimia 52. Ndani ya sheria kama hiyo kampuni ya simu haiwezi kusema inauza uzito. Inalazimika kujua ni wimbo wa nani uliolia, na ulilia mara ngapi.

Lakini nisije nikajifanya mtakatifu wa studio, maana upande wa pili wa jambo hili unauma. Nitamwambia kijana anunue kihalali, naye ataniuliza: kwa njia gani? Spotify ilifungua milango Burundi mwezi Februari 2021. Vizuri. Lakini kifurushi cha kulipia kinataka kadi inayokubalika kimataifa, na kadi inataka fedha za kigeni, na fedha za kigeni hapa zina bei mbili, ya benki na ya mtaani, na mnazijua zote mbili kuliko mimi. Tangu faranga iliposhushwa thamani Mei 2023, dola moja kwa kijana wa Bujumbura si dola moja ya kijana wa Brussels. Mkononi ana Lumicash, pesa ya kwenye simu, nayo inamnunulia mkate, bando na tiketi ya basi la kwenda Gitega, ila haimnunulii kifurushi hicho cha Spotify.

Na hata akiisikiliza Spotify ya bure yenye matangazo, anaisikiliza kwa bando. Wimbo akiusikiliza mara kumi hewani, bando linaliwa mara kumi. Akiwa nao kwenye kadi ya simu, umeme ukikatika, mtandao ukilala, wimbo upo. Wenye kuandika sheria za muziki wangepanda basi kutoka hapa kwenda Rumonge, wakaona watu wanavyosikiliza muziki kwa masaa bila mtandao, wasingeshangaa kwamba faili bado ni mfalme. Msanii wa hapa akiniuzia faili yake moja kwa moja kwa Lumicash, akanitumia kwa WhatsApp, tumemaliza: nimepata kitu cha kubaki nacho, na pesa haikupita Moscow wala New York. Wapo wanaouza hivyo tayari kimyakimya. Ningependa kuona jambo hilo likifanywa kwa sauti.

Tufike kwetu sisi wa redio, kwani sitaki wasanii wanipigie simu kuniambia nimewasema wengine nikajiacha. Pesa za hakimiliki hazitoki kwa kijana wa Nyakabiga peke yake. Zinatoka pia kwa wanaotumia muziki kujipatia wateja: redio, televisheni, hoteli, baa, mabasi. Mashirika kama OBDA huwakusanyia wasanii pesa hizo, kisha hutakiwa kuzigawa kwa kufuata orodha za nyimbo zilizopigwa. Orodha hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Ina nafasi ya jina la wimbo, ya mwimbaji, na ya mtunzi. Na dijei ambaye nyimbo zake alijaziwa kwenye flashi, ambaye mbele yake pameandikwa Track 07, ataandika nini kwenye nafasi ya mtunzi? Ataiacha wazi. Nafasi ikiwa wazi, pesa haina anwani. Inaingia kwenye fungu la jumla, na fungu la jumla, mnajua wenyewe, hugawanywa na waliokaa karibu nalo.

Hapo ndipo mizani ya Ruvumera inapoingia studio. Kituo kinaweza kulipa ada yake yote, kikaonyesha risiti kama kijana wetu alivyonionyesha yake, na mtunzi asipate kitu. Kwa hiyo ndugu zangu wa studio za mjini hapa, msitume orodha yenye mashimo. Mpigieni mwimbaji. Bujumbura ni ndogo, kila mwimbaji ana binamu mnayemjua.

Nirudi kwa mwenye swali nimalize. Nyimbo ulizokwisha kushusha, mdogo wangu, sikuambii uzifute, wala hakuna atakayekuja kukagua simu yako. Salio ulilobakiza kwenye tovuti ile usiliongeze hata faranga. Na kwa kuwa umewapa namba za kadi ya benki watu usiowajua, ambao leseni yao inatoka kwa watu wasiojulikana pia, nenda benki yako Jumatatu asubuhi uwaombe wakubadilishie kadi. Yule Mmarekani unayempenda ana chaneli yake rasmi kwenye YouTube. Ukimsikiliza pale na matangazo yake, anahesabiwa kwa jina. Na ukitaka faili ya kukaa nayo, anza na wa hapa. Mwandikie mwimbaji wa Kirundi unayempenda, muulize namba yake ya Lumicash na bei ya wimbo mmoja. Akikutajia bei ya gigabaiti, nipigie simu, tutamweka hewani ajieleze.

Taarifa ya habari iko mlangoni. Simu zitafunguliwa baada yake, na wenye baa wa Bwiza ambao wameanza kutuma ujumbe wakiuliza kama nao wanatakiwa kulipa: ndiyo, mnatakiwa. Kaeni karibu na redio, tuongee.